Vyombo vya kwanza vya anga vilipimwaje kabla ya kurushwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu miaka ya 1957 hadi 1972 hivi, tangu Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Wasovieti, mpaka mwisho wa Apollo, safari za Wamarekani kwenda Mwezini. Maswali ni yale yanayorudi kila mtu anapoanza kusoma habari za anga. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Ukiwa na haraka, soma la 10 na la 13.

## Mambo ya msingi

1. Kupima chombo cha anga maana yake hasa ni nini?

Ni kukitesa kikiwa bado mikononi mwako. Gari likikuzimikia Chalinze utamwita fundi. Chombo kikishaachana na roketi, hakuna fundi wa kukifuata. Kwa hiyo yote yatakayokipata huko juu (mtikisiko wa roketi, jua kali ubavu huu na baridi kali ubavu ule, ukosefu wa hewa) hutafutiwa mfano wake hapa chini. Chombo huingizwa humo, huwashwa, na watu hukaa wakikodolea mita macho.

Watu huchanganya vipimo vya aina mbili. Cha kwanza kinauliza kama mchoro wetu ni sahihi. Cha pili kinauliza kama hiki kimoja tulichokiunda kimeungwa sawasawa, au kuna waya umelegea mahali. Chombo kinaweza kufaulu cha kwanza kikaanguka cha pili.

2. Kwa nini wasingekirusha tu, wakajifunza kutokana na makosa?

Kwa upande wa roketi ndivyo walivyofanya, na zililipuka nyingi. Tarehe 6 Desemba 1957, mbele ya kamera za waandishi, roketi ya Vanguard ya Marekani ilipanda kama mita moja na robo, ikarudi chini ikawaka yote. Lakini roketi inalipuka mbele yako: mabaki unayo, filamu unayo. Satelaiti ikinyamaza angani hakuna cha kuokota wala cha kufungua.

3. Sputnik si ilikuwa mpira wenye antena tu? Kulikuwa na nini cha kupima?

Ilikuwa mpira wa chuma chepesi wenye kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6, na urahisi huo ulikusudiwa. Wasovieti walikuwa wakitengeneza satelaiti kubwa zaidi iliyojaa vyombo vya kisayansi, ikachelewa. Mhandisi wao mkuu, Sergei Korolev, hakutaka kutanguliwa na Wamarekani, akaamua kirushwe kitu kisicho na mengi ya kuharibika. Ile kubwa iliruka Mei 1958 kwa jina la Sputnik 3, na mashine yake ya kurekodia ikafeli.

Mpira ule ulijazwa nitrojeni kwa shinikizo mara 1.3 ya lile la hewa yetu, ukazibwa. Ndani mlikuwa na feni ya kuzungusha gesi hiyo joto lilipozidi nyuzi 36. Jambo kubwa la kupima lilikuwa kama unavuja. Hata ule mlio wa "bip, bip" uliosikika duniani kote ulikuwa sehemu ya kipimo: joto au shinikizo la ndani lingevuka mipaka iliyowekwa, urefu wa mlio ungebadilika na mafundi wangejua. Ngozi yake iling'arishwa kama sufuria ya harusi ili irudishe miale ya jua.

## Karakanani

4. Vipimo vya kawaida vilikuwa vipi?

Cha kwanza kinachotajwa na kila fundi ni meza ya mtetemo. Chombo hufungwa kwa boliti juu ya meza inayotikiswa na sumaku-umeme, kanuni ileile ya spika ya redio, ila hii ni spika ya kutikisa mamia ya kilo. Mtikisiko huanza polepole kisha kasi hupandishwa. Kama umewahi kupanda daladala kuukuu utaelewa wanachotafuta: dereva akiwa gia ya pili, kioo kimoja tu hutetemeka kama kinataka kuvunjika, akiongeza mafuta kidogo, kioo hicho hutulia na bati la mlango hupokea. Kila kipande kina mtetemo wake unaokipandisha mori, na meza ile kazi yake ni kuupitia mmoja mmoja mpaka kijulikane kitakachokatika.

Kisha kuna kusawazisha. Vyombo vingi vya mwanzo vilitulizwa kwa kuzungushwa kama pia, na mtoto yeyote anajua kwamba pia yenye upande mzito huyumba. Chombo kilizungushwa mashineni, kikabandikwa vipande vya uzito hapa na pale, kikazungushwa tena, kama gurudumu la gari kwa fundi wa tairi.

Kulikuwa pia na kelele za honi kubwa za kuigiza ngurumo ya roketi, na vipimo vya sumaku kwa vyombo vilivyobeba vipima-sumaku. Joto na ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, vina jibu lake (la 6).

5. Kwa nini chombo kilekile kiliundwa mara mbili au tatu?

Kwa sababu kupima kunachosha chombo. Hili wengi hawalifikirii. Wanadhani kipimo kikizidi, usalama unazidi. Ukitikisa kitu kwa nguvu mara ya kumi, huenda ni wewe uliyekilegeza.

Ikazuka desturi ya kuunda ndugu kadhaa. Mmoja alikuwa gofu lenye umbo na uzito sahihi lakini bila vyombo ndani, la kuvunjwavunjwa. Wa pili alikuwa kamili, akateswa kupita kiasi kinachotarajiwa, mara nyingi mara moja na nusu, kisha akastaafu asiruke kamwe. Wa tatu, mwenye safari, alipimwa kwa kiasi cha safari tu ili kunasa makosa ya uundaji.

6. Ombwe la angani linaundwaje hapa duniani?

Kwa tangi nene, pampu, na subira. Pampu za kawaida hutoa hewa nyingi, kisha pampu za mvuke wa mafuta hufukuza iliyobaki. Kuta za ndani hupakwa rangi nyeusi na kupozwa kwa nitrojeni oevu, nyuzi 196 chini ya sifuri, zifanane na giza la angani. Upande mmoja huwekwa taa kali za kuigiza jua.

Tangi kubwa lililojengwa Houston, Texas, kwa ajili ya Apollo, Chamber A, lina urefu wa mita 36 na mlango wenye upana wa mita 12. Juni 1968 wanaanga watatu, Joe Kerwin, Vance Brand na Joe Engle, walikaa humo zaidi ya juma zima ndani ya chombo cha Apollo ambacho hakikwenda popote.

Shida ya ombwe ni kwamba joto halina pa kutokea. Hapa duniani redio yako ikipata moto, hewa inaondoka na joto hilo. Angani ni kama chai ndani ya chupa: saa tano baadaye bado inaunguza. Kifaa kilichofanya kazi vizuri mezani kwa miezi sita kinaweza kuungua kwa saa mbili. Jambo la pili ni umeme wa volti kubwa. Hewa tele huuzuia usiruke kutoka waya hadi waya, na ombwe kamili nalo huuzuia. Ni hewa kidogo, ile inayobaki chombo kinapopanda, inayouruhusu kucheza na kuunguza saketi. Ndiyo maana vifaa vya volti kubwa huwashwa baada ya chombo kutoa pumzi zake zote.

Na ombwe la kutengenezwa linaua kama la kweli. Tarehe 14 Desemba 1966, Jim LeBlanc alikuwa akipima vazi la anga katika tangi huko Houston, mpira wa hewa ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Hewa ilirudishwa haraka akapona, masikio tu yakimuuma.

7. Kwa nini mafundi walivaa kama madaktari wa upasuaji?

Kwa sababu ya takataka ndogo. Kipande cha waya kilichoanguka sakafuni mwa chombo kinakaa hapohapo mpaka kifike angani, kisha kinaelea kikatafuta saketi ya kuunganisha. Chombo cha kutulia Mwezini cha Apollo kilifungwa kwenye fremu kikapinduliwa juu chini ili vilivyojificha vidondoke.

Sababu ya pili ilikuwa vijidudu: hawakutaka kuupeleka uchafu wetu Mwezini. Vyombo vya Ranger, vya Wamarekani vilivyotumwa Mwezini bila watu, viliokwa kwa nyuzi 125 saa 24. Ranger 3, 4 na 5 vyote vilifeli mwaka 1962, na lawama moja ikaangukia tanuri hilo, kwamba lilidhoofisha vipande vya elektroniki. Masharti yakalegezwa. Julai 1964 Ranger 7 ilituma picha zaidi ya 4,300 kabla ya kujigonga Mwezini kama ilivyopangwa.

8. Kuna tabia ambayo vipimo vyote havikuiona?

Nyingi, na nzuri kuliko zote ni ya Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya Marekani, iliyorushwa Januari 31, 1958. Ilikuwa nyembamba kama mwiko, ikizungushwa kuuzunguka urefu wake. Baada ya muda mfupi angani ikaanza kupinduka kichwa kwa miguu. Waliokuwa wamekosea ni antena zake nne zilizolegea kama mijeledi: kila zilipopinda zilimeza nguvu kidogo ya mzunguko, na kitu kinachopoteza nguvu hiyo huishia kuzunguka kwa namna iliyo rahisi zaidi kwake. Hesabu za wakati ule zilidhani satelaiti ni gogo gumu, nayo haikuwa gogo.

## Mtu anapoingia ndani

9. Nani au nini kilitangulia kabla ya binadamu?

Wanyama wanajulikana: mbwa wa Wasovieti, na sokwe Ham wa Wamarekani, Januari 31, 1961. Sanamu ndizo zinazosahaulika. Machi 1961 Wasovieti walirusha mara mbili sanamu waliyoiita Ivan Ivanovich, imevaa vazi kamili la mwanaanga, na usoni wakaiandikia neno la Kirusi lenye maana ya "mfano" ili wanakijiji watakaoikuta wasidhani ni maiti. Redio ilihitaji sauti ya kupimia. Sauti ya mtu akizungumza ingewafanya wasikilizaji wa nje waseme kuna jasusi angani, kwa hiyo wakaweka kwaya na mapishi ya supu.

Wamarekani nao walikuwa na "mtu" wao wa mashine. Anatajwa kwenye jibu la 15.

10. Apollo 1 iliungua vipi wakati haikuwa ikiruka?

Tarehe 27 Januari 1967, Cape Kennedy, lilikuwa jaribio tu. Roketi haikuwa na mafuta, na kwa sababu hiyo jaribio halikuwekwa kwenye orodha ya majaribio ya hatari. Wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee waliingia saa 7 mchana. Lengo lilikuwa kuona kama chombo kitajitegemea kwa umeme wake mara nyaya za nje zitakapochomolewa. Mchana wote mawasiliano yalisumbua, na hesabu ya kurusha ikasimamishwa zikiwa zimebaki dakika 10. Saa 12 na dakika 31 jioni sauti ikasema kuna moto.

Angani chombo kilikusudiwa kuwa na oksijeni tupu, lakini kwa shinikizo dogo, kama theluthi ya hewa tuliyonayo. Oksijeni kiasi hicho inahimilika. Duniani huwezi kuweka shinikizo dogo ndani, kwa sababu hewa ya nje ingekibonyeza chombo. Wakajaza oksijeni tupu kupita kidogo shinikizo la nje. Katika hali hiyo hata vitu tunavyoviona haviungui huwaka kwa kasi ya ajabu, na ndani mlikuwa na nyavu za nailoni na vibandiko kila mahali. Mlango ulifunguka kwa kuvutwa ndani. Moto ulipopandisha shinikizo, ulikandamizwa na nguvu ambayo hakuna mtu angeishinda, na hata siku njema kuufungua kulichukua dakika moja na nusu. Chanzo kamili cha cheche hakikuthibitishwa. Ushahidi ulielekea kwenye nyaya.

Kinachoniuma ninaposoma habari hii ni kwamba vyombo vya Mercury na Gemini, vilivyotangulia Apollo, vilipimwa vivyo hivyo miaka kadhaa na hakuna kilichowaka. Kila jaribio lililopita salama liliongeza imani ya uongo. Baadaye mlango ulitengenezwa upya ufunguke nje kwa sekunde chache, vitu vya kuwaka vikaondolewa, na hewa ya chomboni kikiwa uwanjani ikawa asilimia 60 oksijeni na 40 nitrojeni.

11. Ni kweli Wasovieti walikuwa wameshaliona jambo hilo?

Kweli. Tarehe 23 Machi 1961, majuma matatu kabla ya safari ya Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, mwanafunzi wa uanaanga Valentin Bondarenko alikuwa katika chumba cha majaribio chenye oksijeni nyingi. Pamba yenye spiriti aliyojifutia ngozi iliangukia jiko la umeme, moto ukamwakia, akafariki baada ya saa chache. Alikuwa na miaka 24. Habari ilifichwa hadi 1986. Haijulikani kama ingewazuia Wamarekani, ila mimi siachi kuwaza.

## Uwanja wa kurushia

12. Siku ya mwisho kunabaki nini cha kupima?

Plagi na milango, ukisema kwa ufupi.

Novemba 21, 1960, roketi iliyobeba chombo kitupu cha Mercury ilinyanyuka sentimita 10, injini ikazima, ikarudi ikakaa wima pale pale. Roketi ndogo ya kumwokoa mwanaanga ikafyatuka peke yake ikaenda zake, kisha parachuti zikachomoza kileleni zikaning'inia kando. Plagi mbili za ardhini zilizotakiwa kuchomoka kwa mpangilio zilichomoka kwa mpangilio mwingine, kwa tofauti ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na mitambo ikaelewa kwamba safari imekwisha. Roketi ilisimama imejaa mafuta, parachuti ikingoja upepo. Kuna aliyeshauri itobolewe kwa risasi. Wakaamua kusubiri hadi asubuhi betri ziishe.

Gagarin naye, Aprili 12, 1961, alikuwa ameshafungiwa ndani taa ilipoonyesha kwamba mlango haujakaza. Mafundi walifungua nati zote, wakaurekebisha, wakazikaza upya, yeye akisubiri.

13. Kipimo kinaweza kukiharibu chombo halafu kikaruka hivyo hivyo?

Hiyo ndiyo Apollo 13. Tangi namba 2 la oksijeni lilikuwa limewahi kuponyoka likaanguka kama sentimita 5 lilipotolewa kwenye chombo kingine mwaka 1968. Machi 1970, baada ya mazoezi ya hesabu ya kurusha, oksijeni ilikataa kutoka. Badala ya kubadilisha tangi, waliwasha hita za ndani ziichemshe itoke kama mvuke. Ilichukua saa 8 hivi.

Hita zilikuwa na swichi za kuzizima joto likizidi. Swichi hizo ziliundwa kwa volti 28 za chombo, lakini umeme wa uwanjani ulikuwa volti 65. Badiliko hilo la miaka ya nyuma halikuwafikia watengeneza swichi. Zilipojaribu kukata umeme, zikajichomelea zenyewe. Joto ndani likapanda hadi nyuzi 500 na ushei, likaunguza ngozi ya nyaya. Na fundi aliyekuwa zamu? Mita yake iliishia nyuzi 27. Mshale ulifika mwisho ukakaa hapo, naye hakuwa na sababu ya kushtuka. Chombo kiliruka Aprili 11, na siku mbili baadaye tangi likapasuka njiani kwenda Mwezini.

Linganisha na jibu la 5.

## Kwetu Afrika Mashariki

14. Satelaiti ya Uhuru ilitayarishwa Kenya kweli?

Iliundwa na kupimwa Marekani, ikamaliziwa na kurushwa Kenya. Kifaa chake cha kuona miale ya eksirei kilitengenezwa na timu ya Riccardo Giacconi huko Massachusetts, na mradi uliongozwa na Marjorie Townsend wa NASA, shirika la anga la Marekani. Ikasafirishwa hadi Ngomeni, kaskazini ya Malindi, palipokuwa na majukwaa mawili ya Waitaliano baharini: San Marco la kurushia, na Santa Rita, jukwaa kuukuu la kuchimbia mafuta, la kuongozea.

Walikuja mbali hivyo kwa sababu ya ikweta. Satelaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao ungevuruga vihesabio vyake. Roketi ilikuwa Scout, ya mafuta makavu, iliyoungwa ikiwa imelazwa kisha ikasimamishwa. Aliyeishi Malindi anajua upepo wa chumvi unavyokula mabati. Kuilinda satelaiti ya kilo 143 katika hewa ile ilikuwa kazi nyingine juu ya kazi.

Iliruka Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ndipo Townsend akaipa jina hilo. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Mashine yake ya kurekodia ilikufa mapema, kama ya Sputnik 3. Vifaa vyenye mikanda na magurudumu vilikuwa mkosi wa zama zile.

15. Na Zanzibar?

Unguja, upande wa Tunguu, kulikuwa na kituo cha kuwasiliana na wanaanga wa Mercury, kimoja kati ya vituo 18 duniani, viwili vikiwa melini. Mtandao huo nao ulihitaji kupimwa. Septemba 13, 1961 chombo cha Mercury kiliuzunguka ulimwengu mara moja kikiwa na mtu wa mashine aliyetoa unyevu na hewa chafu kama anapumua, na vituo vikafanya mazoezi naye.

Novemba 1 mwaka huohuo ilirushwa satelaiti ndogo kwa ajili ya kupima vituo tu, juu ya Scout, ukoo mmoja na roketi ya Uhuru. Fundi alikuwa amebadilishana plagi mbili za usukani, ya juu-chini na ya kushoto-kulia. Roketi ilipotaka kujirekebisha ikajipotosha, ikalipuliwa baada ya sekunde 43. Mwanaanga John Glenn alipopita na Mercury Februari 20, 1962, Zanzibar ilikuwa tayari hata hivyo. Kituo kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

## Mengineyo

16. Kuna chombo kilichorudi mikononi mwa waliokipima?

Satelaiti ya ile Vanguard ya jibu la 2. Roketi ilipolipuka, kile kimpira cha kilo moja na ushei kilirushwa pembeni, kikaangukia chini kikiwa kizima kiasi cha kuendelea kutuma mlio wake, kana kwamba kimeshafika angani. Sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Anga huko Washington, antena zake zimepinda vilevile.